Kosa la Kumfanya Mwenyekiti Awe Mtu

Nchi tunayoisimulia haina jina. Msimulizi hajalisahau wala hajalificha. Lilikuwapo, jina zuri tu lenye maana ya mito, lakini lilikodishwa kwa watengenezaji wa sabuni, na mkataba ulipokwisha hakutokea mpangaji mwingine. Basi mpaka leo mtu wa huko akiulizwa anatoka wapi hujibu, "Huku kwetu," na akijibu kwa sauti ya juu mno hutozwa ada ya utambulisho.

Zamani ilikuwa nchi kama nchi nyingine: ina serikali, ina bendera, ina mashimo barabarani. Siku moja serikali ikachoka. Mawaziri wakakaa kikao, wakakubaliana kwamba kutawala ni kazi ya sulubu na wananchi hawana shukurani, wakaiuza nchi kwa Kampuni ya Neema Tele, pamoja na mashimo yake. Tangu hapo hapakuwa tena na mwananchi. Palikuwa na mteja. Wimbo wa taifa ukawa tangazo la unga. Kila mteja akapandikizwa nyuma ya sikio kidude kidogo kama punje ya mtama, kikaitwa kipande. Kipande ndicho kilichomfungulia mtu mlango, bomba, duka na zahanati, na ndicho kilichomnong'oneza matangazo kutwa kucha. Shikamoo ya mtoto kwa mzazi iliachwa bure, maana Kampuni ina huruma, ila marahaba ilisikika baada ya tangazo fupi.

Mteja aliyekosana na Kampuni hakupigwa wala hakufungwa. Hayo ni mambo ya serikali za kizamani. Alizimwa tu. Akawa hai, ana mikono na miguu yake yote, lakini hakuna mlango uliomjua.

Mwinjuma, mume wa Sikudhani, alizimwa kwa sababu ya mluzi. Alikuwa akipiga mluzi wimbo wa taifa huku akichonga mpini wa shoka, naye hakuwa ameulipia. Kwa muda wakaishi hivyo hivyo, mke akimfungulia mume, mke akimkingia mume maji. Kisha masika yakaja na homa ya mapafu. Sikudhani akambeba mgongoni mpaka zahanati. Mlango ulimfungukia yeye, ukagoma kumpitisha aliyebebwa. Akajaribu kinyumenyume, akajaribu ubavu, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, na ndani ya ukuta sauti nyororo ya kike ikawa inamjibu: "Mteja hatambuliki. Karibu tena." Mwinjuma alikata roho pale pale kwenye ngazi, kichwa chake mapajani mwa mkewe. Kesho yake zikaja salamu za rambirambi, zimeandikwa kwa heshima zote: Kwa Mjane wa Mteja Asiyetambulika.

*

Sikudhani alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza. Kikundi chake kiliitwa Msumari, na ukumbi wao ulikuwa ghala bovu la Mtaa wa Bomba Kavu, ambamo zamani zilitengenezwa miavuli. Kabla ya msiba alikuwa akitunga mambo ya mawifi na mahari, watu wakicheka mpaka wanashikana mabega. Baada ya msiba akatunga kwa nyongo.

Mwenyekiti wa Kampuni, aliyejulikana kama Mwenyekiti Asiyelala, hakuwahi kuonekana na mtu wa mitaani. Aliishi juu ya Mnara, na Mnara ulikuwa mrefu kiasi kwamba kivuli chake kilitozwa kodi katika wilaya jirani. Kwa kuwa hakumjua, Sikudhani alimwumba. Akampa macho ya chuma yanayoona kupitia kuta. Akampa mioyo mitatu, mmoja ukichoka mwingine unashika zamu. Akamfanya anywe machozi ya mayatima kwa vikombe vidogo kama kahawa, na akikohoa, mji mzima unaingia giza. Sehemu hiyo ilichezwa na Chikoti, mtu wa miraba minne mwenye sauti kama ngoma ya msiba, ambaye nje ya jukwaa huogopa mende.

Watu walifurika. Chikoti akiingia na macho yake ya bati, akinguruma, "Mimi ndiye Mwenyekiti Asiyelala, nitawaponda kama chawa," ghala zima lilitetemeka, na mchezo ukiisha watazamaji waliondoka kimya, wakiambaa na kuta. Sikudhani aliuona ule ukimya akadhani ni hasira inayochemka. Akajiambia, bado kidogo tu. Akafunga kifurushi chake, khanga mbili, mswaki na dawa ya mgongo, akakiweka karibu na mlango, maana alijua watakuja kumchukua.

Kweli wakaja. Gari jeusi la Kampuni liliegeshwa mbele ya ghala asubuhi moja, akashuka bwana nadhifu aliyenukia karafuu, akamwamkia kwa adabu na kumfungulia mlango wa nyuma. Sikudhani akabeba kifurushi chake. Akawaaga wenzake mmoja mmoja. Chikoti alilia waziwazi.

*

Yule bwana aliitwa Dakta Pansiani, na cheo chake kilikuwa Msimamizi Mkuu wa Taswira ya Uongozi na Mambo Yanayofanana Nayo. Ofisini kwake palikuwa na mazulia manene hata mtu alipotembea alihisi kama anazama. Alimwagizia Sikudhani chai na sambusa. Halafu akafungua kabati, na Sikudhani akaona safu ya macho ya bati kama yale ya Chikoti, yamepangwa vizuri, yamefungwa riboni.

Dakta akamweleza kwa furaha kwamba Kampuni imefuatilia mchezo wake tangu siku ya kwanza. Makaimu meneja wote sasa wanautazama wakati wa mafunzo, ili wajue namna ya kukaza sura. Watoto wa wakurugenzi wamenunuliwa macho ya bati kwa sikukuu. Mwenyekiti mwenyewe ameusikia mpaka mwisho na kuomba arudiwe pale anapokohoa.

Sikudhani akakiweka kifurushi chini. "Lakini nimemwita mnyonyaji," akasema. "Nimemwita muuaji."

"Na tunakushukuru sana, mama," akajibu Dakta Pansiani, na alikuwa anamaanisha. "Zamani watu walikuwa wakija hapa chini kugombana. Unga umepungua, maji hayatoki, mara hiki mara kile. Tangu uanze mchezo wako hawaji. Nani aende kudai maji kwa mtu mwenye mioyo mitatu? Sisi tulitumia wataalamu miaka mingi, hatukuweza kuwatisha kama ulivyowatisha wewe peke yako."

Akairudisha sambusa sahanini. Alikumbuka zile nyuso zilizokuwa zikitoka ghalani zimeinama, akaelewa kilichokuwa kimeandikwa kwenye nyuso hizo, na haikuwa hasira. Alikuwa amekesha akiwajengea mnara wa pili, mrefu kuliko ule wa kwanza, na huu wa pili aliujenga vichwani mwa majirani zake.

Dakta hakuona kitu. Alikuwa amefika kwenye jambo lililomfanya amwite. Jubilii ya Kampuni inakaribia, na Bodi imeamua mchezo ule uonyeshwe uwanjani mchana kweupe na urushwe kwenye kipande cha kila mteja, nchi nzima, bila mtu kuweza kuuzima. Maneno yatapitiwa na kupigwa mhuri. Na ili mtunzi apate msisimko, amepewa heshima ambayo mtu wa Bomba Kavu hajawahi kuipata. Ataonana na Mwenyekiti.

*

Alipandishwa kwa lifti mpaka masikio yakaziba. Njia nzima alikuwa akijiuliza atafanya nini mbele ya yule aliyemuua mumewe. Atamtemea mate. Atamrukia. Mikono yake ilikuwa imekunjwa ngumi ndani ya khanga.

Chumba kilikuwa na joto, kinanuka dawa ya kuchua kifua. Wasaidizi walitembea kinyumenyume, wakiinama. Juu ya kiti kirefu cha ngozi alikaa mzee mdogo mno, miguu yake haifiki sakafuni, taulo limezungushwa shingoni, bakuli la uji mapajani. Mguu mmoja ulikuwa na soksi, mwingine hauna. Akapiga chafya, na wasaidizi wote wakapiga makofi.

Sikudhani alizungusha macho akimtafuta Mwenyekiti, mpaka akatambua kwamba ndiye huyo.

Mzee alikuwa na mafua makali, maneno yakimtoka kupitia pua iliyoziba. Alisema ameyapenda sana yale macho ya chuma, kwa sababu haya yake yana mtoto wa jicho na daktari anaogopa kumwambia. Akauliza kama inawezekana aongezewe moyo wa nne. Akauliza kama Chikoti ni mrefu kweli au ni viatu. Katikati ya maneno akawa anapapasa kandokando ya kiti akitafuta soksi yake, na wasaidizi wakawa wanatafuta naye dirishani, kabatini na kwenye vyungu vya maua. Soksi ilikuwa chini ya kiti. Sikudhani aliiona tangu alipoingia. Wengine hawakuweza kuiona, kwa sababu kanuni zilikataza kutazama chini ya Mwenyekiti.

Akakusanya nguvu akamwuliza. Alilitaja jina la Mwinjuma, akaeleza mluzi, akaeleza homa, akaeleza mlango wa zahanati ulivyokataa. Alisema yote polepole, maana alikuwa amengoja muda mrefu.

Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Alifuta pua kwa ncha ya taulo, akasema, "Milango si idara yangu."

Kisha akaomba uji upashwe moto.

Ndani ya lifti, akishuka, Sikudhani alilia. Alikuwa amejiandaa kukutana na shetani, na shetani angemstahi marehemu kwa kumchukia. Aliyemuua Mwinjuma hakuwa hata amemchukia. Alikuwa mzee mwenye mafua ambaye hajawahi kuulizwa swali, na hajaulizwa kwa sababu wote wanamwogopa, na wanamwogopa kwa sababu kina Sikudhani wamemwimba mpaka amekuwa mlima. Lifti ilipofunguka chini, machozi yalikuwa yamekauka, na uso wake ulikuwa umebadilika. Dakta Pansiani akadhani ni msisimko.

*

Mazoezi yalifanywa ghalani, na kila siku Dakta alikuja na mhuri wake. Maneno yalipitiwa neno kwa neno. Akaongeza moyo wa nne. Akaongeza kwamba Mwenyekiti hula radi. Akapiga mhuri kila ukurasa, na juu ya jalada akaandika kwamba mwigizaji atakayeongeza au kupunguza hata silabi moja atazimwa yeye na ukoo wake.

Kila alipoondoka, milango ikafungwa, wao walianza mazoezi mengine. Sikudhani aliwaambia wenzake alichokiona huko juu, na akawaambia wazi kinachoweza kuwapata. Anayetaka kujitoa ajitoe, hakuna atakayemnyooshea kidole. Hakujitoa mtu. Chikoti aliuliza swali moja tu: mafua yenyewe ni ya kifua au ya pua?

Siku ya Jubilii, alasiri, uwanja ulijaa pomoni. Wakurugenzi walikaa kivulini wamevaa macho ya bati. Wimbo wa taifa ukapigwa, unga ukasifiwa, Mjumbe wa Bodi akatoa hotuba ndefu akiwashukuru wateja kwa uvumilivu wao ambao, alisema, ni rasilimali ya Kampuni. Kisha pazia likafunguliwa.

Kilikuwapo kiti kirefu. Chikoti, na ukubwa wake wote, alikuwa amejikunja juu yake, magoti kidevuni, taulo shingoni, mguu mmoja una soksi. Uwanja ukanyamaza ukingoja ngurumo. Chikoti akavuta kamasi. Akafungua kinywa, akasema maneno yale yale yaliyopigwa mhuri, ila yalitokea puani.

"Bibi ddiye Bwedyekiti Asiyelala. Ditawapodda kaba chawa."

Dakta Pansiani alikuwa na nakala yake mkononi, akikimbiza kidole chini ya mistari. Kila neno lilikuwa mahali pake. Chikoti akaendelea kutangaza kwamba anakula radi, huku akipapasa kando ya kiti akitafuta soksi. Akatangaza kwamba macho yake yanaona kupitia kuta, huku akiwa ameikalia. Ndipo mahali fulani katikati ya umati mwanamke mmoja, muuza mihogo wa Bomba Kavu aitwaye Bi Tausi, akasema kwa mshangao wa kweli, "Kumbe ni bibi?"

Kicheko kilianzia pale. Kilitambaa mstari kwa mstari, kikapanda ngazi za uwanja, kikafika kwenye kivuli cha wakurugenzi, ambako wengine walicheka nyuma ya macho yao ya bati wakidhani hawaonekani. Na kwa kuwa mchezo ulirushwa kwenye kila sikio, kicheko kilitoka nchi nzima kwa pamoja, jikoni, migodini, kwenye foleni za maji. Mitambo ya Kampuni ikasoma mtikisiko huo ikatangaza tetemeko la ardhi. Chikoti alimaliza maneno yake yote bila kukosea silabi. Nyuma ya pazia Sikudhani alikuwa amejishika kifua. Hakuwa amekisikia kicheko cha watu wake tangu azike.

*

Kesho yake foleni mbele ya ofisi za Kampuni ilizunguka jengo. Watu walikuja kuuliza mambo. Kwa nini unga umepungua. Maji yamekwenda wapi. Karani akikaza sura kama alivyofunzwa, mtu alimjibu kwa kuvuta kamasi, na sura ikalegea. Bodi ikakaa kikao cha dharura, na ikagundua kwamba haina sheria ya kumwadhibu mtu aliyesema maneno yenye mhuri. Ikaitunga hapo hapo. Sikudhani akashitakiwa kwa Kosa la Kumfanya Mwenyekiti Awe Mtu.

Mahakama ilikodiwa kwa nusu siku, pamoja na jaji wake. Ukumbi ulijaa, maana Kampuni ilitaka watu waone. Wakili wa Kampuni akasimama akaeleza kwamba mshitakiwa amemwonyesha Mwenyekiti akiwa mfupi, ana mafua, hana soksi, na kwamba huo ni uongo mtupu usiofanana naye hata chembe.

Jaji, aliyekuwa mtu wa kanuni mradi analipwa, akauliza: kama hafanani naye, aliyetukanwa ni nani?

Wakili akashauriana na wenzake. Akarudi akasema kwamba, kwa kufikiri zaidi, anafanana naye mno, na hapo ndipo lilipo kosa. Ukumbi ukaguna. Jaji akauliza kama basi iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba Mwenyekiti ni mfupi na ana mafua. Wakili akaomba maji ya kunywa. Mwishowe akaomba mshitakiwa aulizwe yeye mwenyewe, akiamini kwamba mjane wa Bomba Kavu atatetemeka.

Sikudhani akasimama kizimbani. Alikuwa na khanga yake ya msibani, ameifunga vizuri.

"Nilipomfanya jini mlinipa chai na sambusa," alisema. "Jini haliulizwi maswali. Sasa nimemfanya mtu, mmenishitaki, kwa sababu mtu huulizwa. Basi mimi namwuliza. Nilimwuliza huko juu akaniambia milango si idara yake. Namwuliza tena hapa, mbele ya hawa. Ni idara ya nani? Kuna mtu alikaa mahali akaamua mlango usimjue mume wangu. Ana jina. Ana mama. Nataka aje asimame hapa nilipo mimi, aniambie Mwinjuma alikosa nini."

Hakupaza sauti. Jaji alimtazama wakili, wakili akatazama saa, na nusu siku ya kukodi ilikuwa inakwisha. Hukumu ikasomwa haraka: azimwe, na iwe sasa hivi.

Nyuma ya sikio lake kitu kikalia, tik, kama punje iliyopasuka. Kisha ukaja ukimya. Sikudhani hakuwa amekumbuka kwamba dunia ina ukimya wa namna hiyo. Tangazo la unga liliondoka, na la sabuni, na lile la bima ya kivuli, na mahali pake akasikia feni ikizunguka darini, akasikia watu wakipumua, akasikia nje shomoro wakigombana. Akatabasamu. Watu walioona tabasamu lile walisimulia baadaye kwamba waliona wivu.

Akashuka kizimbani, akatembea mpaka mlangoni. "Mteja hatambuliki," ukuta ukasema kwa sauti nyororo. "Karibu tena."

Alisimama hapo, mkono juu ya ubao. Hakugeuka kuomba. Aliyeinuka kwanza ni Bi Tausi, mwili wake mzito, akapita kati ya viti huku akikunja mikono ya gauni. Akafuata Chikoti na benchi begani. Wakafuata watu ambao Sikudhani hakuwajua kwa majina, na watu ambao hata mchezo hawakuuona, waliousikia tu. Askari wa zamu aliinua rungu lake, akalitazama, akalitazama benchi, kisha akalichomeka rungu chini ya bawaba akalikandamiza kwa uzito wake wote. Jaji alisema kwamba muda wa kukodi umekwisha na yeye hayupo tena. Wakasukuma. Mlango ulipinga kidogo, kwa adabu, ukaendelea kukaribisha watu tena mpaka ulipoanguka kifudifudi uani, vumbi likatimka, na mwanga wa mchana ukaingia mahakamani kama mtu mwenye haki ya kuingia.

Sikudhani akapita juu yake.

Siku hiyo hiyo Kampuni ya Neema Tele ilitoa taarifa ya kuwatuliza wateja wake wapendwa. Ilisema mlango wa mahakama uliondolewa kwa ajili ya matengenezo ya kawaida, kama ilivyopangwa tangu mwanzo, na hakuna sababu ya wasiwasi. Kufikia jua la magharibi matengenezo ya kawaida yalikuwa yamefika ghala la unga. Yakapita nyumba ya mabomba. Mara ya mwisho msimulizi huyu kuulizia, yalikuwa yamefika ngazi za Mnara, na mafundi walikuwa wanaongezeka.